Siku ya nne Manyoni: nilivyompata swala pala kwa risasi moja

Mwaka juzi nilijeruhi swala pala dume, tukamtafuta mpaka giza likatushika, hatukumwona tena. Nilifyatua nikiwa bado nahema kwa mwendo, umbali nimeukisia tu. Tuliona matone ya damu kwenye majani makavu, yakafuatana kidogo, kisha yakakatika. Usiku ule sikupata usingizi, nikimfikiria yule mnyama amelala wapi. Mwaka uliofuata sikuomba leseni kabisa.

Septemba hii nilirudi nikiwa na sharti moja nililojiwekea: sivuti triga mpaka dume anipe ubavu, awe ndani ya hatua mia, na bunduki yangu iwe imeegemea kitu.

Kwa wasiofahamu, kumiliki bunduki hakukupi ruhusa ya kuwinda. Unaanzia kwa afisa wanyamapori, unaonyesha kibali cha silaha, na leseni ikitoka inataja mnyama gani, wangapi na eneo gani. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Usiku huwindi, ndani ya gari hupigi, majike huwagusi. Hilo la majike nalishika kwa moyo wote, maana wakati ule wengi wao wana mimba na hungoja mvua wazae.

Tuliondoka Dodoma saa tisa usiku, tukapita Bahi, alfajiri tukawa Manyoni. Pamoja na askari wa wanyamapori alikuwepo mzee mmoja wa kijijini, msoma nyayo tangu ujana wake. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitikia, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, una haraka?" Nikamwambia sina.

Mzee alikuwa na kijifuko cha kitambaa chembamba chenye majivu. Kila baada ya mwendo kidogo alikitikisa, akatazama vumbi lile jeupe linaelekea wapi. Likija usoni kwetu, tunasonga. Likienda mbele yetu, swala watatunusa, kwa hiyo tunazunguka, hata kama ni mzunguko wa saa nzima juani huku mbung'o wanatutafuna shingoni. Miaka yote niliyowinda nilikuwa nategemea macho na miguu. Upepo sikuwahi kuupa heshima hiyo.

Siku ya kwanza tuliona majike na watoto tu. Siku ya pili upepo uligeuka ghafla, tukasikia ule mkoromo wao wa kupeana habari, kundi zima likaruka na kupotea. Siku ya tatu ndiyo ilinipima. Dume zuri alisimama ng'ambo ya korongo, yapata hatua mia mbili, matawi yamemkata kifuani. Nilimweka kwenye darubini. Kidole kilikuwa kwenye triga na nilitaka kupiga, sitaficha. Nikaishusha bunduki. Askari akanitazama bila kusema kitu. Mzee alisema, "Sawasawa," akainuka, tukaendelea.

Siku ya nne tulitoka kabla mbung'o hawajachangamka. Karibu na mgunga mmoja mzee alichuchumaa. Palikuwa na rundo la kinyesi, vidonge vya zamani vyeupe chini, vipya vyeusi juu. Akavibonyeza kwa kijiti, vikabonyea, ndani vina unyevu. Kando yake kulikuwa na alama ya kwato mbili zilizochongoka mbele, kingo za unyayo bado kali, mchanga haujaanza kumomonyokea ndani. Akanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja: madume, watano au zaidi, na hawako mbali. Kiangazi nyasi zikikauka swala pala hugeukia majani na maganda ya migunga, kwa hiyo tukafuata kivuli cha miti ile, mti hadi mti, mwisho kwa magoti.

Walikuwa saba. Nilitambaa mpaka kwenye kichuguu, nikalaza bunduki juu yake, mkono wa kushoto chini yake kama mto. Hatua themanini hivi. Dume niliyemtaka alinipa ubavu mapema, lakini nyuma yake alisimama mwenzake, na risasi ingeweza kupita ikamfikia. Nikangoja. Sisimizi walipanda shingoni, jasho likaingia jichoni, mzee hajikohozi wala hajigeuzi. Ilichukua kama dakika ishirini yule wa nyuma akasogea kufuata ganda lililoanguka.

Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu. Bismillah. Nikalenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua.

Aliruka juu, akakimbia, akapotea kichakani. Nilitaka kumkimbilia, mzee akanishika bega. "Kaa. Mwache apumzike." Tukakaa dakika kumi ambazo zilikuwa ndefu kuliko siku zote tatu, maana mawazo yangu yote yalikuwa kwa yule wa mwaka juzi. Kisha tukaenda pale alipokuwa amesimama. Damu ilikuwa ya waridi, ina povu. "Mapafu," akasema mzee, na hapo ndipo nilipoanza kupumua vizuri. Hatua arobaini mbele alikuwa amelala, ameshatulia.

Nikaijaza leseni palepale, askari akahakiki. Kwa joto la Septemba nyama haisubiri: tukampasua na kutoa matumbo haraka, tukamning'iniza kivulini apoe, ndipo tukamchuna. Ini tulilichoma kwenye makaa, chumvi tu, tukala wote watatu. Paja moja nilimpa mzee alipeleke kwake.

Nyama nyingine mama aliikausha kwa moshi juu ya uchanja siku mbili, akaiunga kwa karanga, tukala na ugali wa mtama. Wakati tunakula nilimsimulia kisa cha yule aliyenipotea, ambacho sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea mchuzi.