Mtoto wa mgongoni hajengi tembe

Leo nimeshinda Mvumi, Dodoma, kwa bibi mdogo, nimekwenda na ule mti wa ukoo tuliosambaziwa kwenye kundi la familia.

Juu kabisa kaandikwa babu mkuu: "Mwanzilishi, alijenga tembe la kwanza hapa, 1910." Tembe ni ile nyumba ya Kigogo ya miti, yenye paa la udongo.

Nikamsomea. Bibi akaacha kupepeta mtama.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Huyo alifika hapa mgongoni kwa mama yake. Mwaka wa Mtunya."

Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo, nchi ya Wagogo, 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe wa watu, halafu mvua ikakata. Wengi walikufa, wengi walihama.

"Sasa mtoto wa mgongoni anajengaje tembe?" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Aliyekata miti, akasimamisha nguzo na kupandisha udongo juu ya paa ni mama yake. Mjane. Kwenye mti wetu hayupo kabisa, hata kama "mke wa".

Nimempigia baba mkubwa. Kimya kidogo, kisha: "Mwanangu, fulana za mkutano wa ukoo zimeshachapwa." Zimeandikwa TANGU 1910, nyuma, kwa herufi kubwa!

Mimi naona zivaliwe tu, ila mti ubadilishwe kabla ya mkutano.

Wenzangu wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa: kwenu wazee wanasimulia nini kuhusu Mtunya? Na kwenye miti yenu, akina mama wapo?