Mizani ya Kapteni: Dar es Salaam, Kilwa na Mafia kwa ndege ya kukodi

Mama alipoambiwa kwamba tumekodi ndege ya kumrudisha kwao Mafia, hakuuliza bei wala usalama. Aliuliza kama cherehani yake itaingia. Ilikuwa mwezi wa Agosti, kusi ikivuma, naye alikuwa amemaliza miezi saba nyumbani kwa kaka yangu Tabata akiuguza nyonga aliyovunjika. Daktari alikuwa amemruhusu kusafiri, lakini safari ya gari hadi bandari ya Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kisha kubebwa mgongoni kuingia kwenye boti ya Kilindoni, ilikuwa safari ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kumpendekezea.

Msomaji anayeifahamu Mafia atauliza kwa nini hatukumkatia tiketi, kwa kuwa zipo ndege za abiria zinazokwenda huko kwa ratiba. Sababu ilikuwa mama mdogo, ambaye anaishi Kilwa Masoko, macho yake yamefifia, na kwa miaka sita dada hawa wawili walikuwa wamesikilizana kwa simu tu. Walipokuwa wasichana walivuka baina ya Kilwa na Mafia kwa jahazi, moja kwa moja. Leo mtu wa Kilwa anayetaka kufika Mafia hupanda basi kuelekea kaskazini hadi wilaya ya Kibiti, akateremka Nyamisati, ndipo avuke bahari. Ndege ya ratiba hufuata njia ambayo kampuni imeona ina abiria. Ndege ya kukodi hufuata njia unayoitaka wewe, na sisi tulitaka ile ile ya jahazi.

Tulikuwa watoto sita wa kuchangia. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba hukodi kiti, unakodi ndege nzima kwa saa zake za kuruka, zikiwemo saa za kurudi Dar es Salaam hata kama ndani hamna mtu. Juu yake huongezwa ada za viwanja na kodi, na iwapo rubani atalala njiani, malazi yake pia. Jumla tuliyopewa ingetosha kununua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Tulipoigawa kwa sita ilianza kufanana na michango ya harusi, na sote tumewahi kuchangia harusi za watu tusiowajua vizuri.

Katikati ya kuulizia alijitokeza mtu aliyedai kuwa rafiki yake ana ndege binafsi na angetupeleka kwa nusu ya bei. Kaka alikuwa karibu kukubali. Ninashukuru kwamba tuliuliza kwanza, kwa sababu mwenye leseni ya urubani binafsi haruhusiwi kubeba abiria kwa malipo, na ndege isiyo chini ya cheti cha uendeshaji kinachotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaweza kuruka vizuri tu, ila siku ikipata ajali, bima ina sababu ya kutokulipa. Tangu hapo swali letu la kwanza kwa kila mwenye ndege lilikuwa kutuonyesha cheti hicho, na waliokasirishwa na swali hilo hatukuwarudia.

Tulipata Cessna 206, ndege ya injini moja yenye viti sita pamoja na cha rubani, mabawa yake yakiwa juu ya madirisha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa jengo la kwanza la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, na hapo tukakutana na kapteni, kijana mwembamba aliyekuwa na mizani miguuni na kikokotoo mkononi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?”

“Bado, bibi. Naomba kwanza nikupime.”

Hesabu yake alitufanyia kwa sauti, na mimi nikaiandika. Ndege hiyo hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 1,633. Yenyewe tupu na vifaa vyake ilikuwa kilo 1,053, kwa hiyo zilibaki 580 za kugawana baina ya mafuta, watu na mizigo. Injini yake hutumia petroli ya ndege, si mafuta ya ndege kubwa ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, na kwa kuwa hakutarajia kupata petroli hiyo Kilwa wala Mafia, ilimpasa abebe ya mzunguko wote pamoja na akiba: lita 200, ambazo ni kama kilo 144. Hakujaza matangi, kwa sababu kila lita isiyohitajika ingemnyima mtu nafasi. Yeye kilo 74, mama 49, mimi 83, kaka 92. Zilibaki 138, lakini mama mdogo alikuwa akitusubiri Kilwa na kilo zake 71, ambazo mpwa wake alizipima zahanati siku iliyotangulia. Hadi kufika huko injini ingekuwa imeunguza lita zipatazo 60, sawa na kilo 43, kwa hiyo kuondoka Kilwa mizigo yote isizidi 110. Akaamua: 70 za mama, 40 za mdogo wake.

Mizigo ya mama ilikuwa kilo 96. Mlikuwamo mchele, shuka, dawa, sufuria mbili, na cherehani kamili yenye meza na miguu ya chuma. Kapteni alieleza kwa upole kwamba, mbali na uzito, miguu ile haiwezi kufungwa nyuma ya viti ikatulia, na mzigo unaosogea nyuma ya ndege ndogo huivuta mkia ikawa ngumu kuiongoza. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba cherehani bila meza ni kama kinu bila mchi. Tulifungua skrubu pale pale kwenye sakafu ya uwanja. Kichwa cha cherehani kikaingia, meza na miguu, kilo 25, vikabaki na shemeji. Mizani ikasoma 71. Kaka akatoa chupa yake ya maji ya lita moja na nusu, na kapteni akaandika 70 bila kucheka.

Kumpandisha mama hakukuwa kugumu kama tulivyohofia, maana ndege hii ina mlango mpana wa vipande viwili upande wa kulia nyuma, ambao ndio tuliomwingizia. Kapteni alihakikisha kwanza kwamba flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa na kupandishwa, zimepandishwa, kwa kuwa zikiwa chini huzuia kipande cha mbele cha mlango huo kisifunguke, na akatuonyesha jinsi ya kuufungua kwa dharura. Kisha tukavalishwa jaketi okozi viunoni. Tulisimama pembeni ya njia ya kurukia tukisubiri dakika kadhaa baada ya ndege kubwa kuondoka, kwani upepo unaovurugwa na mabawa yake unaweza kuipindua ndogo inayoifuata mara moja.

Tuliruka kuelekea kusini kwa futi 5,500, kusi ikitupiga usoni na kutuchelewesha. Baada ya nusu saa hivi, delta ya Rufiji ilitandaa chini yetu. Nimeivuka Rufiji mara nyingi pale darajani, nikadhani ninaijua. Kutoka juu si mto bali ni mkono uliokunjuliwa vidole, kila kidole kikijigawa tena katikati ya mikoko ya kijani iliyokoza, na maji yake ya udongo yakiingia baharini kama chai ya maziwa. Ndipo nikaelewa jinsi meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilivyoweza kujificha humo mwaka 1914, na kwa nini Waingereza walihitaji ndege ili kuipata. Rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa akirusha ndege za maonyesho Afrika Kusini, aliajiriwa na jeshi lao la majini, akaruka kwa ndege ndogo ya kutua majini kutoka kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia, na mwezi wa Novemba akaiona. Mwaka uliofuata Waingereza waliiteka Mafia, wakatengeneza uwanja wa ndege huko, na tarehe 11 Julai 1915 ndege zilizotoka kisiwani ziliwaelekeza wapiga mizinga hadi meli ile ikaangamizwa. Nilimsimulia mama habari hizo kwa hedifoni. Akajibu kwamba babu yake alikuwa akizisimulia, ila yeye alikuwa akilalamikia minazi iliyokatwa.

Kilwa Masoko kapteni alizunguka mara moja juu ya uwanja kutazama soksi ya upepo na kuhakikisha hakuna mbuzi njiani. Upande wa pili wa mlangobahari kilionekana Kilwa Kisiwani, magofu ya msikiti mkuu yakiwa kijivu katikati ya mibuyu, mji ule ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, naye kwa chombo cha upepo.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, amevaa kanga mpya, na pembeni yake gunia la ufuta. Mama hakushuka, mdogo wake alipandishwa, akapapasa uso wa dada yake kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, hata kapteni, aliyekuwa amesimama nje ameshika mizani ya kuning'iniza. Gunia na begi vilikuwa kilo 46. Ufuta ulipunguzwa kwa kopo, na kilo sita walipewa vijana waliomsindikiza.

Kipande cha Kilwa hadi Mafia ndicho nilichokiogopa, kwa kuwa ni bahari na injini ni moja. Kapteni alipanda hadi futi 7,500 na kunieleza sababu: kadiri unavyokuwa juu, ndivyo ndege iliyozimika injini inavyoweza kuteleza mbali zaidi kutafuta ardhi. Aliipitisha njia yetu karibu na Songo Songo, kisiwa cha gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 na ambayo tangu 2004 inawasha umeme Dar es Salaam, ili tuwe na pa kukimbilia. Sasa kusi ilitusukuma mgongoni. Nyuma yangu wazee wawili walikuwa wakibishana ni wapi hasa jahazi la baba yao lilikwama mchangani mwaka ule wa mvua kubwa. Mmoja alionyesha kidole dirishani, na mwingine, asiyeona vizuri, alikataa kwamba si pale. Kwa zaidi ya nusu saa tu tukawa tumetua kwenye lami ya Kilindoni.

Mimi nilirudi na ndege siku ile ile, kwa kuwa kazini walinipa ruhusa ya siku moja na saa za kurudi tulishazilipia. Ndugu walileta nazi uwanjani, nyingi mno, na kapteni, ambaye sasa alikuwa na nafasi ya kutosha kubeba zote, alizipima hata hivyo, akaandika kilo 38 na kuzifunga kwa wavu. Niliketi mbele karibu naye. Saa ya injini ilipozimwa Dar es Salaam ilikuwa imehesabu saa mbili na dakika kumi na mbili, na ndizo zilizoandikwa kwenye ankara.

Meza ya cherehani ilifika Kilindoni siku tisa baadaye kwa boti kutoka Nyamisati, ikiwa imepoteza skrubu mbili.