Mama wa ndoo ya njano

Jumamosi, usiku

Leo mwanangu amepanda daladala kutoka Tabata hadi Buguruni, mimi nikiwa siti ya nyuma yake, kimya, kama abiria mwingine tu. Nimerudi nimechoka kama niliyefua mapazia ya nyumba nzima, lakini usingizi hauji. Acha niandike.

Ana miaka 13, na ana usonji. Tulikuwa na miaka miwili hatujapanda daladala. Mara ya mwisho konda aligonga bati la gari karibu na sikio lake, akajilaza chini katikati ya siti, kaziba masikio, analia. Abiria mmoja akasema mtoto kadekezwa. Mwingine akanishauri nikamwombee. Tulishushwa njiani, tukatembea. Tangu hapo ikawa bajaji, na bajaji za kila siku mfuko wangu hauziwezi.

Mwezi wa sita mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta, alikuja na miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha mahali kama vile umo ndani yake, aliyoazima kwa rafiki yake. "Shangazi, tujaribu." Nilikataa. Mtoto asiyevumilia hata kofia, atakubali dude lile lifungwe kichwani kwa mkanda? Akaniambia swali langu ni la zamani. Huko North Carolina, Marekani, Dorothy Strickland na wenzake waliandika mwaka 1996 juu ya watoto wawili wenye usonji, mmoja wa miaka 7 na mwingine 9, waliovishwa kofia nzito za wakati ule ili wajifunze kuyatambua magari barabarani. Wote wawili walikubali kuvaa. Akanionyesha na habari za Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, za mwaka 2014: chumba ambacho picha zinamulikwa kutani kumzunguka mtoto, bila miwani yoyote, na mtaalamu amekaa naye. Wavulana 9 wenye hofu mbalimbali walipitia vipindi vinne vinne, na 8 wakaweza kukabiliana na kile walichokiogopa. Watoto 9 si wengi, lakini moyo wangu ulilegea.

Kilichonifikirisha zaidi ni basi la Nottingham. Watafiti wa chuo kikuu cha huko, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitengeneza basi na mkahawa ndani ya kompyuta ili vijana wenye usonji wajizoeze kutafuta pa kukaa, na pakijaa wamwombe mtu kwa adabu. Kwao ni sawa. Daladala ya Tabata saa moja asubuhi haina siti ya kuombea. Ni "sogea nyuma, nafasi ipo," ni bega la mtu shavuni pako, ni konda kuchezesha sarafu kiganjani bila kutamka neno, nawe unajua anadai nauli. Mimi nilizijua sarafu zile bila kufundishwa na mtu. Mwanangu alizisikia kama kelele mojawapo tu.

Basi kijana akaomba ruhusa kwa dereva na konda, akapanda na kamera inayochukua pande zote, akarekodi safari yetu yenyewe. Kila jioni dakika kumi, hazizidi. Siku ya kwanza mwanangu alivaa miwani kwa kuhesabu mpaka tano, akavua. Siku ya nne alikaa mpaka mwisho, mkono umeng'ang'ania mto wa kochi kama bomba la gari. Konda wa kwenye miwani hachoki. Mimi nikirudia jambo mara ya kumi sauti yangu inabadilika, na mtoto anaisikia kabla sijajisikia mwenyewe.

Kuna jambo moja nilimkatalia kijana. Alikuta programu za nje zinazomzoesha mtoto kumtazama mtu machoni, akataka tuongeze. Nikamwambia, sisi wenyewe tulikatazwa kumkazia mtu mzima macho, mtoto wa hivyo tukamwita mwenye macho makavu. Leo nimtese mwanangu kwa hilo? Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wasio na usonji nao hawamwelewi mwenye nao. Yule konda aliyegonga bati, yule aliyesema kadekezwa, wao walivishwa miwani gani? Nataka mwanangu afike aendako. Sitaki ajifunze kuigiza kuwa mtu mwingine.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda kituoni nikiwa na uhakika. Gari likasimama, akachungulia mlangoni, akatazama siti moja baada ya nyingine, akarudi nyuma. "Mama wa ndoo hayupo." Katika ile video kuna mama mmoja amepakata ndoo ya njano, siti ya pili. Mwanangu hakuwa amejifunza daladala. Alikuwa amejifunza safari ile moja, na mama yule alikuwa sehemu yake kama matairi. Gari likaondoka. Nilikaa pale kwenye ukingo wa mtaro nikalia kidogo, yeye akihesabu pikipiki.

Kijana akarekodi safari nyingine tatu: moja ya mvua, moja redio iko juu, moja konda hasemi kitu kabisa. Tukachora kwenye karatasi vitu visivyobadilika: mlango, bomba, sarafu, "shusha". Wengine wote wanaweza kubadilika. Karatasi ile ilisaidia kuliko miwani, naona, ingawa bila miwani nisingejua cha kuchora.

Leo amepanda. Amechungulia siti ya pili, palikuwa na mwanajeshi, akaganda. Kisha akashika bomba. Sarafu zilipolia, akatia nauli kiganjani mwa konda huku akitazama dirishani. Karibu na Buguruni akasema "Shusha!" kwa sauti nzito ya mwanamume wa kwenye video, vilevile, mpaka kale kakikohozi kake. Konda akagonga bati. Mwanangu akaziba sikio moja tu, akashuka.

Usiku huu wakati anakula amesema, "Mama wa ndoo." Nikamwambia leo hakupanda. Akatafuna kwanza, taratibu.

"Kesho."

Kesho ni Jumapili, magari huwa machache. Tutakwenda saa nne.