"Nina sukari" kwa Kiingereza

Kila Jumamosi jioni tunakutana watu sita kwa dada mmoja hapa Tabata, tunaongea Kiingereza tupu saa nzima. Ukiteleza ukasema Kiswahili, faini mia tano, zinanunuliwa karanga. Jana mada ilikuwa afya. Karanga zote nimelipia mimi.

Nilianza kwa kujiamini: "My mother has sugar." Kaka mmoja akauliza, kilo ngapi? Kumbe kwa wenyewe sukari ni ya chai tu, ugonjwa ni "diabetes". Presha nayo kila mtu anayo, mpaka useme ni "high". Ila kilichonishinda kabisa ni "pole". Mwenzangu kasema mgongo unamuuma, nikamwambia "sorry", akanijibu: kwani wewe ndiye uliyenipiga?

Kisha ukaja ubishi wa chumvi. Nikasema Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Mama mmoja, mpishi hasa, akanikazia macho: "I don't agree, my son." Hiyo "my son" sijaiona kwenye kitabu chochote cha sarufi, lakini bila hiyo ningehisi nimetukanwa. Nikambishia. Nyakati zikachanganyika, "he" na "she" zikapotea, ila niliongea kama dakika mbili bila kutafsiri kichwani kwanza!

Wiki ijayo ni dawa za asili. Nimeshatenga elfu mbili ya karanga.