Leseni ya pikipiki Kampala, na aliyenifundisha klachi

Mimi ni mtu wa Tanga, ninauza kanga Kampala. Mzigo unapakiwa Kariakoo, unapanda na basi hadi Bukoba, unavuka mpaka wa Mutukula, nami naupokea huku na kuusambaza: mteja mmoja Kibuli, mwingine Ntinda, mwingine Bweyogerere, na kila mmoja anataka doti yake leo, si kesho. Kwa miaka mitano nilipeleka kwa bodaboda. Jioni nikihesabu, nauli imekula faida na kunibakishia uchovu.

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nataka kununua pikipiki yangu, alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, huko ugenini ukianguka nani atakuokota?" Sikuwa na jibu. Nilimwahidi jambo moja tu: sitaingia barabarani mpaka niwe na leseni, na leseni yenyewe niwe nimeifanyia mtihani kweli.

Ahadi hiyo ilijaribiwa mapema. Chuo cha kwanza cha udereva nilichokwenda, bwana wa mezani alinitajia bei, akaniambia cheti kitakuwa tayari Ijumaa. Nikauliza masomo yanaanza lini. Akasema, "Nnyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "wewe lipa, mengine tutamaliza sisi." Nilitoka na hasira ambayo mpaka leo ninayo. Karatasi ile ndiyo inayomfungulia mtu njia ya kumpakia mtoto wa mwenzake nyuma na kuingia naye Jinja Road saa moja asubuhi. Watanzania wenzangu mlioko huku, na Wakenya na Wakongo mnaonisoma, mkiambiwa hivyo ondokeni.

Chuo cha pili kilikuwa na pikipiki moja na mzee mmoja wa kuifundishia, wanafunzi wengine wote wakiwa wa magari. Nilichukua leseni ya kujifunzia, nikafunga kibao cha L, nikaanza. Mzee alikuwa mwalimu hasa, lakini saa zake zilikuwa chache, na mwili haujifunzi kwa saa chache. Ndipo kijana wa steji yetu pale Kireka, aliyenibebea mizigo miaka yote hiyo, akaniambia nije Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa shule.

(Sisi tunasema kijiwe, wao wanasema steji, na steji ina mwenyekiti wake na sheria zake. Ukihamia huku, jitambulishe kwa mwenyekiti kabla ya kitu kingine chochote.)

Baba yake kijana huyu alikuwa mwanajeshi, naye amekulia kambini, na Kiswahili cha Uganda makao yake ya siku nyingi ni jeshini na polisi. Kwa hiyo alinifundisha kwa Kiswahili cha amri: "Kamata! Achia! Angalia mbele!" Akiona nimeogopa anahamia Kiganda, sauti inashuka: "Mpola mpola, nnyabo." Sikuhitaji tafsiri.

Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kuwasha. Nilikaa juu, gia ikiwa nyutro, yeye akasukuma kwa nyuma uwanja mzima, niujue uzito na mahali unapoanza kulalia. Siku ya pili ilikuwa klachi peke yake. Nilikuwa naiachia kama mtu anayeachia kamba ya ndoo kisimani, pikipiki inaruka na kuzima. Akanishika mkono. Kati ya kukamata na kuachia kuna mahali padogo ambapo mlio wa injini unakuwa mzito na pikipiki inataka kuondoka. "Hapo, kaa hapo. Usiende popote." Tulikaa hapo asubuhi nzima, nikisogea hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Vidole viliniuma siku mbili. Nawaambia ukweli, mahali hapo padogo ndipo pikipiki yote ilipo. Anayepajua anaweza kwenda polepole kuliko mtembea kwa miguu bila kushusha mguu, na hicho ndicho foleni ya Kampala inachokitaka kwako.

Kisha namba nane. Alijaza mchanga chupa za maji, akazipanga, akaniambia nizizunguke kwa umbo la nane. Kila nilipoitazama chupa niliigonga. "Macho yako yanakupeleka kwenye chupa," akasema. "Tazama unakotaka kutokea. Kichwa kwanza, piki itafuata." Nikageuza shingo mpaka kidevu kikafika begani, na kweli ikafuata. Jambo jingine ni breki. Katika kona ya polepole, usukani ukiwa umekunjwa, ukiigusa ya mbele pikipiki inalala chini hapo hapo. Unaishika kwa ya nyuma, kidogo tu, huku injini ikiendelea kuvuta.

Hapo vijana wa steji na mzee wa chuo walipingana, nami nasimama na mzee. Wengi pale steji walinionya nisiguse breki ya mbele maisha yangu yote, eti itanirusha. Mzee alinieleza kwa subira: unapofunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Kwenye lami kavu, ukiwa umenyooka, tumia zote mbili, na ya mbele uibane taratibu kama unayekamua chungwa, usiipokonye. Kwenye vumbi la maramu na kwenye matope, upole mara mbili. Udongo mwekundu wa Kampala ukinyeshewa unateleza kama bamia, na hata lami yenyewe ni mbaya zaidi dakika zile za kwanza za mvua, mafuta yaliyomwagika yanapoelea juu kabla hayajaoshwa. Tangu siku hiyo mvua ikianza nasimama kibarazani pa mtu yeyote, hata mteja akipiga simu mara kumi.

Mtihani ulikuwa kwa wakaguzi wa magari wa polisi. Afande alianza kuniuliza alama za barabarani kwa Kiingereza. Aliponiuliza kuhusu mzunguko ulimi ukanitoka: "Kwenye kipilefti nampisha anayetoka kulia kwangu." Akainua macho. "Wewe mtu wa Tanzania." Kuanzia hapo tulizungumza Kiswahili mpaka mwisho, chake kikiwa kile kile cha amri, nami nikajisikia niko Kireka uwanjani. Nane niliizunguka, mguu haukugusa chini. Yaliyofuata ni foleni tu: namba ya malipo ya mamlaka ya mapato, benki, pasipoti na kibali cha kazi, picha, alama za vidole. Kadi ikatoka na daraja A, ndilo la pikipiki.

Jumapili iliyofuata niliipeleka uwanjani kumwonyesha kijana wangu. Aliishika, akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Hii A ndiyo sisi?"

Hana leseni. Miaka 9 barabarani, na yeye ndiye dereva mtulivu kuliko wote niliowahi kukaa nyuma yao. Hajawahi kunipakia mishikaki na abiria mwingine, helmeti yake haivui hata akienda kununua vocha. Nilimuuliza kwa nini. Pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na siku ya kufuatilia karatasi ni siku isiyo na hesabu. Siku moja angeimudu. Chuo ni siku kadhaa, mtihani siku, malipo siku, picha siku. Tena kazi yenyewe ilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960 kwa baiskeli, za kumvusha mtu na mzigo wake kutoka "border" hadi "border", na baiskeli haikuulizwa leseni. Pikipiki zilikuja zikaikuta kazi imeshasimama. Kijana ananunua au anakodi leo, anafundishwa na mwenzake jioni, kesho ana abiria.

Siwatetei wanaokimbia sheria. Lakini niliumia kwamba mimi mgeni, mwenye duka la kufunga siku niipendayo, nimeipata karatasi ya ujuzi alionipa yeye. Naamini kwa moyo wote kwamba mtihani ukiletwa hadi steji, siku moja, kila kitu mahali pamoja, wengi wa hawa watafaulu kabla ya chakula cha mchana.

Sasa Jumapili zetu zimegeuka. Mwalimu ni mimi. Kupanda hana la kujifunza kwangu. Shida yake ni alama na maswali, maana Kiingereza chake ni kidogo na shule aliiacha mapema. Nimezichora alama zote nyuma ya maboksi ya kanga, rangi nyekundu nikitumia wanja wa midomo kalamu ilipoisha. Namwonyesha, anataja kwa Kiganda, tunaihamisha kwa Kiswahili, mwisho kwa Kiingereza. Ile ya kutopita gari jingine na ile ya kumpisha anayekuja alizichanganya wiki tatu. Juzi hakuzichanganya.

Leseni ya kujifunzia ameshaichukua, na kibao cha L amekifunga kwenye pikipiki ile ile ya miaka 9. Vijana wa steji walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili wawili wakaja kuuliza maboksi yangu yanapatikana wapi. Kwa kipindi hiki amekubali kutopakia watu, na nusu ya mizigo yangu nimempa yeye. Siku ya mtihani hesabu yake nitaipeleka mimi kwa mwenye pikipiki. Mama ameshaijua tarehe, na ameniambia akitoka pale nimpe simu amsikie.