Vitambaa vya sakafuni kwa fundi

Siku hizi ukipita kwenye vibanda vya mafundi cherehani hapa Mbeya, kuanzia Kabwe hadi Mwanjelwa, utajua harusi ya nani inakuja bila kumuuliza mtu. Mahindi yamevunwa, mpunga wa Kyela na Mbarali umeingia sokoni, watu wana chochote mkononi, na sherehe zimefuatana. We tazama tu sakafuni. Kitenge kile kile cha kijani chenye maua ya manjano kimetapakaa chini ya cherehani ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho wa mstari: hiyo ni sare ya upande wa bibi harusi. Pembeni yake zambarau tupu, hao ni kwaya. Ikifika Januari sakafu hizo hizo hugeuka bluu na nyeupe kwa sababu ya sare za shule.

Vipande hivyo ndivyo ninavyoviokota. Nimekuwa nikivikusanya kwa muda sasa, na jioni ya leo, nikiwa na jiko la mkaa miguuni na baridi ya Juni imekaza dirishani, nataka niandike kuhusu kazi hii ya kushona mablanketi ya viraka, iliyonishika hata usingizini naona rangi.

Fundi wangu ni kijana wa Tukuyu, mkono wake mwepesi, maneno yake machache. Chini ya meza yake kuna kiroba cha sandarusi ambacho zamani kilikuwa kikijaa na kuondoka kila mtu akichota kwa shida yake: wenye gereji walichukua vya kufutia oili, kina mama walichukua vya kujazia mito, watoto wakapata vya kufungia mpira, vilivyobaki vikachomwa. Nilipomwomba aniwekee, alinitazama kwa mashaka. "Mama, hivi ni vya kutupa." Nikamwambia anitunzie hata vya upana wa vidole viwili. Sasa yeye mwenyewe ameingia kwenye jambo hili. Juzi alinitolea kipande chembamba cha satini ya rangi ya machungwa alichokuwa amekikunja vizuri kwenye karatasi, akasema, "Hiki nimekiona, nikakukumbuka." Nikamjibu kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akacheka hadi akaacha kukanyaga cherehani.

Ninachoshona ni mablanketi ya viraka. Wengine wanaita mfarishi. Nashona bila kielelezo, bila kuchora chochote kwanza. Nachagua kipande chenye umbo gumu kuliko vyote, tuseme pembetatu iliyobaki baada ya kukatwa shingo ya gauni, nakiweka katikati ya meza. Nakiunganisha na kingine upande mmoja, napiga pasi, nanyoosha ukingo kwa mkasi, naunganisha kingine upande unaofuata. Kipande kinakua kwa kuzunguka. Kikifika ukubwa wa kiti nakiacha, naanza kingine. Baadaye navitandika vyote sakafuni, nasimama juu ya stuli, natazama kipi kinataka kukaa karibu na kipi. Pakibaki pengo, nalijaza kwa ukanda. Ukanda ukipungua urefu, nauongeza kwa rangi nyingine, na mara nyingi pale palipoongezwa ndipo jicho hupenda kutulia.

Nimesikia watu wakisema kushona bila mpango ni kushona ovyo. Sikubaliani kabisa. Umbo linaweza kuwa huru, mshono hauwezi. Kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika, ukikiunga na kilichokatwa sawa na uzi wake bila kukipiga bandi kwanza, yaani kukishikiza kwa mishono ya muda, kitakupa tumbo katikati ya blanketi. Kitenge kipya lazima kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kinarudi, yaani kinasinyaa, na kinachuja rangi. Polista haitaki pasi ya moto inayotakiwa na pamba, itayeyuka na kung'ang'ania chuma. Jinzi na satini haziwezi kubeba mshono mmoja: nzito itaipasua nyepesi siku blanketi likifuliwa na kukamuliwa. Na nafasi ya mshono isibadilike ndani ya mshono mmoja, mimi naacha nusu inchi kwa vitambaa vinavyochanika nyuzi na robo inchi kwa vilivyofumwa kwa kubana. Ukishayashika hayo, uhuru unakuwepo. Bila hayo unapata kitu kinachofumuka baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na kazi yote ya mikono imepotea.

Walionifungua macho katika jambo hili ni kina mama wa kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Kijiji chao kimezungukwa na kona ya mto Alabama, na wengi wao ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba katika shamba la mtu aliyeitwa Pettway, ndiyo maana hadi leo nusu ya majina unayokutana nayo kule ni Pettway. Nyumba zao zilikuwa za mbao zinazopitisha upepo, na blanketi lilikuwa la lazima. Walishona kwa nguo kuukuu za shamba, magunia ya mbolea na unga, chochote. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa kwenye kuta za makumbusho makubwa ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha za mablanketi hayo. Kuna jambo moja katika historia yao ambalo lingemfanya fundi wangu atikise kichwa kwa kuelewa. Miaka ya 1970, kina mama wa ushirika wao walipata kazi ya kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya, kwa ajili ya kampuni ya Sears. Mabaki ya kodrai yakaenda nyumbani kwao. Ndiyo maana mablanketi ya miaka ile yamejaa kodrai ya rangi ya dhahabu, ya machungwa, na kijani cha jani la parachichi. Sakafu ya kiwanda iliamua rangi za vitanda vya kijiji kizima. Kwangu, harusi za Mbeya zinafanya kazi hiyo hiyo.

Lakini blanketi ninalolirudia mara kwa mara ni la mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway. Ni la mwaka 1942, baada ya mumewe kufariki. Akakusanya nguo zake za kazi, suruali na mashati yaliyochakaa shambani, akamwambia binti yake Arlonzia kwamba atazishona ziwe blanketi la kumkumbukia mumewe na kujifunika kwa upendo. Ukilitazama kwenye picha unaona bluu zilizofifia, kijivu, na pale magotini palipochanika na kuzibwa. Hakuna alichokificha. Kila mara nikiliona nanyamaza kwanza, halafu narudi mezani kwangu na moyo mwingine.

Sasa nifike kwenye hili lililotandikwa kitandani mbele yangu. Binti wa mdogo wangu amepangiwa kidato cha tano Njombe, shule ya bweni, anaripoti Julai. Amezaliwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hata kanga usiku mtu huisukuma pembeni. Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Tena anakwenda katika mwezi wenyewe wa baridi, wakati ule ambao upande wa Makete majani huamka meupe kwa barafu. Fomu ya kujiunga imetaja rangi ya mashuka, imetaja rangi ya sweta, blanketi imesema moja tu bila kutaja rangi. Mdogo wangu akanipigia simu: "Dada, si tununue tu la dukani, tusikuchoshe?" Nikamwambia la dukani anunue, alitie chini. La juu atatoka nalo kwangu.

Alinitumia kifurushi kwa gari la Kyela, nikakipokea stendi ya Nane Nane. Ndani kulikuwa na sketi za bluu za shule ya msingi, gauni jeupe la kipaimara, mashati mawili ya babu yao, kanga mbili zilizochoka na kaptula ya kaki ya kaka yake. Hiyo kaptula ndiyo iliyonichelewesha. Nilipofumua mfuko wa nyuma, chini yake kulikuwa na mraba wa kaki mbichi, rangi ya udongo wenyewe, kana kwamba fundi ameushona jana. Kuuzunguka, kitambaa kimepauka karibu kuwa cheupe kwa jua na sabuni ya mche. Kingo za ule mraba zilikuwa na mistari miwili ya vitobo vidogo sana, vilivyoachwa na sindano ya fundi wa kwanza, na kwenye kona moja ya chini doa la wino wa peni lililoenea hadi likawa na umbo la jani. Nimekaa na kipande hicho mkononi mpaka mkaa ukazima. Miaka ya mtoto kukalia dawati, kupanda miembe, kuoga ziwani na nguo, yote imechapwa pale, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutia rangi ya namna hiyo. Nilimtumia binti picha. Akajibu hapo hapo: "Mama mkubwa, usiliondoe lile doa la wino, kaka alichapwa kwa ajili yake." Kwa hiyo doa limebaki, na nimeliweka upande wa kichwani.

Kuzunguka kaki hiyo nimetia bluu za sketi kwa kanda ndefu, halafu zile kijani za harusi za huku Mbeya, ili apate pia kidogo cha mji wa mama yake mkubwa. Gauni la kipaimara nimelikata vipande vidogo vidogo na kuvitawanya, kwa sababu nyeupe ikikaa pamoja inameza rangi nyingine zote. Kanga moja nimeiacha kubwa, pindo lake zima.

Katikati ya blanketi, mahali ambapo Wamarekani huweka pamba maalumu, mimi natia blanketi la zamani la sufu lililotoboka katikati lakini kingo zake bado nzima. Joto la blanketi la viraka linatokana na hewa inayofungiwa kati ya matabaka, basi tabaka la ndani lisiwe la kubanwa sana. Ndiyo sababu sipendi kulishindilia kwa mishono ya karibu karibu. Natembeza sindano kwa mkono, mishono mirefu kidogo, mistari ikiachana kiasi cha shubiri.

Na namna ya kuitembeza mistari hiyo nimejifunza kwa watu ambao, nilipowasoma, nilijisikia kuwa nimekutana na ndugu. Wanaitwa Wasiddi, wanaishi Karnataka, kusini magharibi mwa India. Asili yao ni Afrika. Mababu zao walichukuliwa kutoka pwani za huku kwetu, wengi wakapitishwa Goa mikononi mwa Wareno, na waliotoroka utumwa wakajificha kwenye misitu ya milimani na kubaki huko. Wanawake wao wanashona blanketi la viraka liitwalo kawandi. Wanatandika sari kuukuu, wanaanza kwenye kona, wanapachika kipande juu ya kipande wakizunguka ukingo, na sindano inashona matabaka yote kwa pamoja, mzunguko hadi mzunguko, mpaka wanakutana na katikati. Wakimaliza, kila kona ya blanketi inapewa pembetatu za kitambaa kilichokunjwa, ziitwazo phula, yaani maua. Blanketi lisilo na phula kwao halijavaa.

Mimi nimechukua ule mzunguko wa kutoka ukingoni kwenda katikati, na faida yake niliiona mara moja: kingo zinakaa sawa tangu mwanzo. Na phula nitaweka. Zile za pembe mbili za miguuni zitatoka kwenye mashati ya babu, za kichwani kwenye ile satini ya machungwa ya fundi wangu. Jirani yangu, bibi mmoja Msafwa anayekuja kuota moto hapa jioni, ndiye anayezikunja. Vidole vyake vimeshaanza kukakamaa, ila kukunja bado anaweza, na anapokunja anasimulia jinsi walivyokuwa wakilala wanne chini ya ngozi moja kule juu, chini ya mlima Loleza, kabla mji haujapanda hadi kwao. Namwacha asimulie. Ameniambia nikimaliza hili nimshonee na yeye dogo la magotini, na nimeshaanza kumtengea kijivu na nyekundu anazozipenda.

Sehemu ya juu imekamilika leo mchana. Kilichobaki ni bitana. Nataka shuka la flana la mtumba, la kitanda cha sita kwa sita, rangi yoyote isiyochuja, hata likiwa limepauka ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu limeshamaliza kurudi. Jumamosi alfajiri nitakuwa soko la Sido kabla belo za mitumba hazijafunguliwa. Kama kuna anayejua muuzaji anayeleta mashuka ya flana mazito, Mbeya hapa au hata Makambako, aniandikie kabla ya hapo. Jembamba halitafaa, Njombe si mahali pa kubahatisha.