Mkono wa kulia wa mama mkubwa

Mama mkubwa alirudi kutoka hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe, nasi tukaona tumeshavuka. Kiharusi tulichokizoea mtaani kwetu Ngamiani, pale Tanga, ni kile cha mdomo kwenda upande na mkono kuning'inia. Wake haukuning'inia. Alikuwa na kizunguzungu, kwikwi zisizotaka kukoma, sauti iliyokauka, na kope ya jicho la kushoto iliyolegea kidogo. Mimi nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuo cha utabibu, kwa hiyo kumhudumia kukawa kazi yangu.

Jioni ile nilimwekea maji ya kuoga kwenye beseni, nikaenda bombani kuongeza ya baridi. Nilirudi na ndoo nikamkuta ameshakaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umezama hadi kiwiko cha mkono, mvuke unampanda usoni.

"Mama, hayo bado makali."

"Makali wapi, mwanangu? Mbona yamepoa."

Akapeleka na mkono wa kushoto ili ajimwagie. Ulipogusa tu, akauchomoa. "Yarabi!" Akaukodolea macho. Kisha akaurudisha ule wa kulia, taratibu, akautuliza mle ndani, akaniangalia. "Ni maji haya haya?"

Nikamtoa kwenye beseni, nikakimbilia kwa jirani mwenye friji kuomba kipande cha barafu. Nilimwambia afumbe macho, nikamwekea barafu kwenye kiganja cha kulia. Akaibinyabinya. "Kitu kigumu, kinateleza. Sabuni?" Kwenye kiganja cha kushoto hakungoja niulize: "Barafu." Mguu wa kulia, vilevile hakusikia baridi, wa kushoto akaukunja. Nikadhani nimeshaelewa, nikamgusa mashavu, na hapo mambo yakageuka. Shavu la kulia lilikuwa zima. La kushoto ndilo halikujua baridi ni nini. Pamba niliyompitishia aliisikia kila mahali, mwili mzima na uso wote.

Tulipompeleka kliniki, daktari alisikiliza habari ya beseni hadi mwisho, akageuza karatasi akatuchorea. Nimewahi kusoma mengi tangu siku hiyo, lakini mchoro ule ndio ulionifanya niupende ubongo.

Mkononi, alisema, hakuna kilichoharibika. Ncha za neva kwenye ngozi zina protini zinazofunguka kwa joto na nyingine zinazofunguka kwa baridi. Ya joto ilipatikana mwaka 1997 katika maabara ya David Julius huko Marekani, kwa kufuata kile kinachowasha kwenye pilipili. Hufunguka joto linapofika nyuzi 43 hivi. Ya baridi huamshwa pia na mintholi, ndiyo maana dawa ya kuchua hupoza ngozi ambayo haijapoa. Protini hizo za mama mkubwa zilikuwa zikifunguka kama kawaida, na neva zilikuwa zikipeleka ujumbe kwenye uti wa mgongo. Ujumbe ulikatikia juu.

Mguso na joto hupita njia mbili tofauti. Mguso hupanda uti wa mgongo upande uleule ulioingilia, ukavukia kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Joto, baridi na maumivu hupokelewa na seli nyingine mara tu vinapoingia uti wa mgongo, na seli hiyo huvuka upande wa pili papo hapo, ndipo ipande. Kwa hiyo joto la mkono wa kulia hupita pembeni mwa shina la ubongo, upande wa kushoto. Hapo ndipo damu ya mama mkubwa ilipozibiwa njia. Habari za uso nazo huingilia juu zaidi, zikashuka kwanza kwa upande wao kabla ya kuvuka, hivyo zile za shavu la kushoto zilikuwa bado kushoto na zikanaswa palepale. Mguso ulikuwa umepita katikati, ukasalimika. Adolf Wallenberg, daktari Mjerumani, alieleza hali hii mwaka 1895.

"Sasa huko juu hupokelewa na nani?" mama mkubwa akauliza.

Daktari akafurahi kuulizwa. Akachora thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea habari za mwili na kuzipeleka mbele, halafu insula, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni. Huko ndiko mtu anakotambua kwamba maji ni ya moto. Tawi jingine akalipeleka haipothalamasi, panapoamuliwa utoke jasho au utetemeke.

Hospitalini walikuwa wamempima nguvu za mikono na kumgusa kwa pamba, na vyote viwili alikuwa navyo. Tangu hapo sijawahi kumpima mgonjwa wa kiharusi bila kumwekea kitu cha baridi, pande zote mbili, uso na mwili. Uma wa chuma unatosha.

Yeye wasiwasi wake ulikuwa vitumbua. Miaka yote alijua chuma kimeshika moto kwa kukipitishia kiganja cha kulia kwa juu. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, na jiko akalihamishia upande huo. Uji wa mjukuu akawa anaupimia kwenye shavu la kulia.

Kusi ilipoanza kuvuma likaja jambo ambalo daktari alikuwa ametutahadharisha: upepo wa baridi ukiupiga mkono wa kulia, unawaka. Mkono uliokuwa hausikii maji ya moto ukawa unaungua kwa upepo, kwa sababu njia iliyojeruhiwa haikunyamaza kabisa, ilianza kupeleka maumivu yake yenyewe. Akaandikiwa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, kidonge kimoja usiku, akawa anavaa sweta la mikono mirefu mpaka mwezi wa nane. Maumivu yalipungua, hayakuisha.